Skauti wa kike na wa kiume: kundi moja, mahema mawili

Suali ni lile lile, kwenye skauti watoto wa kike na wa kiume wachanganywe au watenganishwe? Nianze na jibu kabisa ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nalo mapema. Kundi la skauti liwe moja, watoto wa kike na wa kiume ndani yake, bajeti moja, beji zile zile, mazoezi yale yale, ila vile vikosi vidogo vya ndani, vya watoto sita saba nane, kuanzia umri wa kubaleghe viwe mbali mbali, mahema yawe mbali mbali, na kila kikosi cha kike kiwe na mlezi mwanamke ambae yupo kweli, sio jina tu kwenye karatasi. Hili la mwisho ndio lenyewe. Bila ya hilo mie siko upande wowote, si wa kuchanganya wala wa kutenganisha, mana pande zote mbili zitakuwa zinawachezea watoto.

Nasema hivi kwa sababu mabishano yetu ya Unguja na Pemba juu ya jambo hili yanakwenda njia ile ile kila siku. Ikitajwa kambi, sema ya siku tatu huko kwenye misitu ya Ngezi au Jozani, basi barazani watu washagawika. Mmoja anasema haiwezekani mtoto wa kike akalale porini pamoja na wanaume, dini haitaki na mila haitaki, kwisha maneno. Mwengine anasema dunia imebadilika bwana, mbona bara wanachanganya, mbona Ulaya wanachanganya, sisi tutabaki nyuma mpaka lini. Wanabishana mpaka magharibi inaadhiniwa na hakuna hata mmoja alouliza nani anakwenda na watoto hawa, nani atakuwepo saa nane za usiku mtoto akiumwa na tumbo au akiingia siku zake kwa mara ya kwanza na yuko mbali na mamaake.

Halafu kuna hii dhana kwamba kutenganisha ni kwetu na kuchanganya ni kwa wazungu. Historia haisemi hivyo. Skauti ilianza 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, muasisi wake Baden-Powell kachukua wavulana kama ishirini hivi, wengine wa skuli za matajiri na wengine watoto wa watu wa kawaida, akakaa nao kambini. (Kaburi lake sio mbali, lipo Nyeri, Kenya, alifariki huko tarehe 8 Januari 1941.) Mwaka 1909 maelfu ya maskauti wakakusanyika Crystal Palace, London, na katikati yao wakatokeza wasichana wamevaa kiskauti, hakuna alowaalika, wakasema na sisi ni skauti vile vile. Bwana mkubwa akakwama. Waingereza wa zama zile walikuwa na khofu zile zile ambazo bibi zetu wangekuwa nazo, kwamba mtoto wa kike akizoea kukimbia porini atageuka jike dume na mume hapati. Basi 1910 kazi akakabidhiwa dadaake, Agnes, ikaanzishwa Girl Guides, chama chao peke yao. Yaani kutenganisha kwenyewe kumekuja na meli kutoka Uingereza, sio kwamba mashekhe wa Zanzibar walikaa kikao wakaamua.

Na walipokuja kuchanganya hawakukurupuka. Uingereza walianza 1976 na wale wakubwa tu, wa zaidi ya miaka kumi na tano, 1991 wakaruhusu umri wote kwa kundi linalotaka, na 2007 ndio ikawa lazima makundi yote yapokee wasichana. Miaka thelathini na moja! Ona pia kwamba walianza na wakubwa, umri ambao sisi ndio tunauogopa zaidi. Sisi tunafanya kinyume chake, mtoto wa miaka saba nane tunamuacha acheze na yoyote, akifika kumi na mbili tunaanza kuvuta mpaka. Sisemi nani kapatia. Nasema kila watu wana mahali pao pa kuogopa, na khofu ya mtu haiondoki kwa kumwambia mbona fulani haogopi. Girl Guides wa Uingereza wao mpaka leo ni wa wasichana tu, na hakuna anaewaita washamba.

Marekani ndio kisa kizuri zaidi. Boy Scouts wao walianza 1910, wasichana wakawa na chama chao, Girl Scouts, tokea 1912 alichokianzisha Juliette Gordon Low huko Savannah, na vikosi vya watoto vikakaa mbali mbali zaidi ya miaka mia. Kisha 2018 Boy Scouts wakaanza kupokea wasichana wadogo, 2019 wakapokea wakubwa wa miaka kumi na moja kwenda juu, na Februari 2025 wakabadilisha hata jina la chama likawa Scouting America. Girl Scouts wakakasirika mpaka wakaenda mahakamani 2018 wakilalamika kuchukuliwa jina lao, na 2022 kesi yao ikatupwa. Watu wanaipenda hadithi hii kama hadithi ya haki za wanawake, na kweli haki imo, lakini na pesa imo, chama kilikuwa kinapoteza wanachama kila mwaka na mtoto wa kike nae analipa ada. Cha muhimu kwetu ni jinsi walivyofanya kwa wale wakubwa wa 2019. Hawakuwachanganya kwenye kikosi kimoja. Kikosi cha wasichana kikawa chake na viongozi wake, kikosi cha wavulana chake, ila mtihani mmoja, beji moja, na kamati ya wazazi inaweza kuwa moja. Na wasichana wa kwanza kufikia daraja la juu kabisa, lile la Eagle, wakatangazwa Februari 2021, karibu elfu moja kwa mpigo. Kwa hiyo anaesema "Marekani wamechanganya" na anaesema "hata Marekani wametenganisha" wote wawili wanasema kweli nusu.

Lakini kuna upande wa pili wa kisa hicho hicho, na huu ndio ningetaka wazazi wa hapa waukalie kitako. Februari 2020 chama hicho hicho cha wavulana wa Marekani kilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, kwa sababu ya madai ya watu waliodhalilishwa walipokuwa watoto skauti. Madai yaliyofika yalikuwa zaidi ya 82,000. Walio wengi ni wanaume watu wazima wanaoelezea utoto wao, miaka ile ambayo chama kilikuwa cha wavulana watupu, hakuna msichana kambini. Ukuta wa kutenganisha ulikuwepo, mrefu, na mwizi alikuwa ndani ya ukuta.

Sisi Zanzibar neno udhalilishaji tunalijua, limejaa kwenye redio na kwenye hotuba za Ijumaa, lakini tukilisikia akili yetu inakwenda moja kwa moja kwa mtoto wa kike na mvulana mkubwa. Wa kiume tunamsahau. Tunamuona ni mwanamme, ataenda kambini, atalala popote na yoyote, atarudi mzima. Na ikitokea jambo, ndio pale muhali unapoingia, mtuhumiwa ni jamaa, ni jirani, ni mwalimu anaeheshimika, sheha anaitwa, wazee wanakaa, mambo yanamalizwa kimya kimya na mtoto anaambiwa asirudie kusema. Tuna Sheria ya Mtoto tokea 2011, tena sheria nzuri tu, ila sheria haiendi kambini, anaekwenda kambini ni mtu. Kwaio kanuni ya kwanza ya usalama wala haihusiani na jinsia ya watoto, inahusiana na watu wazima: asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na mtoto, si ndani ya hema, si kwenye gari, si njiani kwenda kisimani, si kwenye simu usiku. Wawili au zaidi, siku zote, hata akiwa ni nani. Hata akiwa ustadhi. Mzazi anaetaka kumlinda mwanawe aulize hilo kabla hajauliza kama kuna wasichana.

Sasa turudi kwetu, mana kuna watu wanaongea kama kwamba mtoto wa kike na wa kiume wa Zanzibar hawajawahi kuonana. Skuli zetu nyingi ni za mchanganyiko, wanakaa darasa moja tokea maandalizi. Kwenye chuo cha Kurani wanasoma pamoja, huku wa kike kule wa kiume, ustadhi mmoja, na hakuna anaelalamika. Tarehe 12 Januari ukienda Amaan utaona halaiki, mamia ya watoto wa kike na wa kiume wanageuka kushoto kulia kwa firimbi moja, na kabla ya siku hiyo wamefanya mazoezi wiki kwa wiki kwenye jua. Wazee wanaokumbuka miaka ile baada ya Mapinduzi ya 1964, mambo ya vijana yaliposhikwa na chama cha Afro-Shirazi na wakaanzishwa Young Pioneers, watakwambia walipiga paredi pamoja na skafu shingoni, iwe wazazi wao wamependa au hawakupenda, na hapo pia manung'uniko yalikuwepo.

Na Pemba je? Msimu wa karafuu ukiwa mkubwa watu wanakwenda dago, familia zinahama zinakwenda kupiga kambi mashambani, wanaume na vijana juu ya mikarafuu, wanawake na watoto chini wanaokota, usiku wanakaa kuchambua, karafuu huku makonyo huku. Kila mtu anajua wanawake wanalala wapi na wanaume wanalala wapi bila ya kuandikiwa waraka wowote. Kwa nini watu hawaogopi dago? Sio kwa sababu hakuna wanaume. Ni kwa sababu bibi yupo, mama yupo, shangazi yupo, na macho ya wanawake watu wazima yamejaa kila pembe. Kambi ya skauti ikiwa na macho hayo hayo nani ataipinga? Watapinga wachache, hao watapinga hata maandalizi.

Unyago nao usisahaulike. Kuna mambo ambayo mila zetu zimesema wazi yafundishwe kando, msichana afundishwe na mwanamke, na jando la wavulana lishikwe na wazee wa kiume. Marehemu Bi Kidude alikuwa na umaarufu wa kuimba lakini alikuwa pia mwalimu wa unyago, na hakuna mwanamme alokuwa anaingia darasani kwake. Kwaio mtu akitaka kikosi cha wasichana kiwe na faragha yake hajaleta uzamani, kuna maneno msichana hatoyasema mbele ya mvulana hata umkamue, na akiyakalia kimya ndio anaumia.

Sasa hapo ndio nina ugomvi na wale wa kutenganisha. Wanasema kila mmoja na chake, sawa, bas tuone hicho chake. Wavulana wana mwalimu, wana ngoma, wana bendera, wana safari ya Unguja wakati wa sherehe. Wasichana wana ahadi. "Tukipata mlezi wa kike tutaanza." Mwaka unapita, mlezi hajapatikana, na hakuna aliemtafuta, mana kila mtu ameridhika kwamba heshima imehifadhiwa. Huko sio kutenganisha, ni kuwafungia mlango kisha ukauita mlango huo stara. Tanzania tuna chama cha skauti kinachopokea wote na tuna chama cha Girl Guides cha wasichana, njia zote mbili zipo kwenye karatasi, na bado kuna watoto wa kike wa vijijini ambao hawajaiona hata moja.

Na wanachokosa ni nini? Mtu asidhani ni gwaride. Ni huduma ya kwanza, ni kusoma ramani, kufunga fundo, kuwasha moto kwenye kuni mbichi, kuogelea. Hilo la kuogelea kwetu visiwani sio mchezo. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama bahari ya Nungwi ikielekea Pemba, mwaka wa pili yake tarehe 18 Julai MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Meli zile hazikuchagua mwanamke na mwanamme, zilibeba wote, na Pemba hakuna kijiji kisichojua msiba ule. Kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar, wafundisheni watoto wenu kuogelea, na kila khatibu anaijua. Lakini nenda pwani jioni uhesabu nani yumo majini. Kaskazini Unguja kulikuwa na mradi wa Panje uliofundisha wasichana kuogelea, na walichokifanya ni vitu viwili vidogo, walipata nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima na wakawafundisha wanawake wa pale pale wawe walimu. Kikwazo ambacho watu walidhani ni dini kikawa ni nguo na mwalimu.

Wale wa kuchanganya nao wasijione wameshinda, mana nshaona kuchanganya kwao kunavyokuwa. Kikosi kimoja, wavulana wanne wasichana wanne, picha nzuri sana ya kuweka kwenye ripoti ya wafadhili. Ukikaa nao nusu saa unaona kazi imeshagawika yenyewe, wavulana wanajenga hema na wanashika dira, wasichana wanamenya vitunguu, na katibu wa kikosi ni msichana kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kiongozi ni mvulana na hakuna alompigia kura. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu ukimchanganya na wavulana wa miaka kumi na tano, na nyumbani amefundishwa kunyamaza wakubwa wakisema, atanyamaza tu, na utarudi na msichana aliejifunza kupika nje badala ya ndani. Kikosi chao wenyewe hakina ujanja huo. Hema lazima walijenge wao, moto wauwashe wao, wakipotea njia wajitafute wao, na kiongozi atakuwa msichana kwa sababu hakuna mwengine. Hii ndio hoja yangu kubwa ya kuweka vikosi mbali, na utaona sijataja dini hata kidogo.

Wanaotaka mfano wa nchi ya Waislamu wenzetu wasiende mbali kwenye nadharia, waangalie Indonesia. Pramuka, chama chao cha skauti, kipo kwa umbo lake hili tokea 1961 na ndio kikubwa kuliko vyote duniani, wanachama wanahesabiwa kwa mamilioni. Kundi linaanzishwa kwenye skuli, ndani yake kuna vikosi vya putra na vikosi vya putri, wavulana na wasichana, wanafanya mambo yale yale, na kanuni yao inasema kikosi cha wasichana lazima kiongozwe na mwanamke. Lazima, sio "ikiwezekana". Neno moja hilo tungelichukua likatumika Pemba nzima, kutoka Mkoani mpaka Micheweni, tungemaliza nusu ya ugomvi.

Na asije mtu akasema skauti haibadiliki, kanuni ni kanuni. Maskauti dunia nzima wanasalimiana kwa mkono wa kushoto. Jaribu kumpa mzee wa Wete mkono wa kushoto uone. Vijana wetu wanajua, wakiwa wao kwa wao wanapeana kushoto, akija mzee wanatoa kulia, na hakuna kamishna alieanguka kwa mshtuko. Kama salamu imekubali kukaa vizuri na sisi, basi na mpango wa mahema utakubali.

Tatizo linabaki kuwapata hao walezi wa kike, na hapa tuwe wakweli kidogo. Watu wapo. Skuli zetu zimejaa walimu wanawake, wengine vijana wana nguvu na hamu. Lakini mwanamke akiitwa kambini anaambiwa ajitolee, yaani nauli yake, chakula chake, mtoto wake mdogo amuache na nani hajui, mume aombwe ruhusa, na akifika anapewa kazi ya kusimamia jiko. Mara ya pili haji, kisha tunasema wanawake hawapendi skauti. Mwanamme akijitolea angalau anapigiwa saluti. Mie ningependa apelekwe mafunzo kama wanavyopelekwa wanaume, apewe cheo chenye kazi ndani yake, na kama ana mtoto anaenyonya aje nae, kambi haitavunjika kwa mtoto mmoja kulia.

Vyoo pia. Najua hakuna anaependa kuandika makala kuhusu vyoo, lakini msichana asiejua atabadilisha wapi na kufulia wapi haji kambini, na sababu haisemi, atasema mama kakataa. Kamati ikikaa kuandika bajeti ya kambi, mstari wa kwanza uwe nauli na posho ya walezi wanawake, wa pili uwe choo cha wasichana chenye mlango unaofunga, ndoo na maji, wa tatu mahema. Ngoma, bendera na skafu ziandikwe chini kabisa, na pesa zikiisha kabla ya kufika kwenye skafu, watoto wende na mitandio na kofia zao hivyo hivyo.